Mshahara usio na tarehe

Kwa anayeishi kwa kublogu jijini Dar es Salaam, mwezi hauishi tarehe 30, bali huisha pale malipo yanapoingia. Google AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye blogu na kumlipa mwenyewe, hulipa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, na hailipi mpaka salio lifike dola 100, hivyo wasomaji wakipungua fedha husogea mbele, ilhali umeme, bando na kodi ya miezi sita anayoitaka mwenye nyumba kwa mkupuo havijui kusubiri.

Wafanyabiashara wa mtaani wanaotangaza kwenye blogu yangu ndio wanaoniokoa, ingawa nao wana yao. Muuza samani mmoja aliniambia, "Kaka, wewe weka tangazo kwanza, tutaonana mwisho wa mwezi," kauli ambayo kila mtu wa kazi hii anajua inakoishia. Siku hizi sichapishi chochote kabla ya kuona ujumbe wa muamala kwenye simu.

Januari ndiyo ngumu kupita zote, kwa kuwa bei za matangazo hupanda kuelekea Krismasi kisha huporomoka, tena wakati uleule ambapo wadogo zangu wanahitaji sare na madaftari, na shangazi anauliza, kwa upole wake, nitaajiriwa lini.