Kabati la chini ya sinki la mama

Leo nimelitoa lile kabati la chini ya sinki jikoni kwa mama. Fundi yupo mtaani na angelitoa chapchap tu, ila nilitaka nilitoe mwenyewe taratibu nione limeozaje, maana mafundi wamekuja wee, kila anayekuja anabadilisha bomba la chini na bado sakafu ya kabati inalowa.

Ni zile kabati za kawaida, sinki la stenlesi limekalia juu, mbele milango miwili, pembeni na chini chipbodi. Chipbodi ni chenga za mbao zimegandishwa na gundi, juu wakabandika ile ngozi nyeupe ya kung'aa. Ngozi yenyewe haipitishi maji, shida ni pale msumeno ulipopita, kama hapajazibwa maji yanaingilia hapohapo na ikishavimba basi, hata uianike juani hairudi.

Nikaanza na milango, kisha maji. Ango valvu, ile koki ndogo ya ukutani ya kufungia maji ya sinki, imeganda kwa kutu, sikuilazimisha kwa sababu ikikatikia ukutani ni balaa jingine, nikaenda kufunga maji ya tanki nikaacha koki wazi mpaka ikaisha kutoa. Chini ya ile pinda ya bomba weka beseni kabla hujafungua nati, mle ndani maji yanakaa muda wote, ndiyo yanayozuia harufu ya chemba isipande jikoni, na ukishaitoa sokomeza tambara kwenye bomba la ukutani haraka maana harufu na mende hawasubiri. Silikoni ya ukingoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia maji, nikaikata kwa kisu chembamba, mdogo wangu akashika upande mmoja, tukalinyanyua sinki tukalitoa nje.

Sasa nyuma ndiyo kwenye habari. Wosha za bomba, vile vimpira vya kwenye maungio, nzima kabisa, kavu! Maji yalikuwa yanatoka juu, silikoni kati ya sinki na ukuta imeachia, kila vyombo vikioshwa maji yanateremka nyuma ya ubao ambako hakuna anayeona, plasta yote imekuwa laini unaichokonoa kwa kidole. Imeniuma kweli, mama amelipa hela za bomba miaka yote wakati kilichohitajika ni kukwangua silikoni ya zamani, kukausha na kupaka mpya.

Pande zilimomonyoka zenyewe nilipogusa. Fremu ya mbele nilitaka kuipasua ikawe kuni, mama akanizuia, "Mwanangu acha, hiyo mninga, baba yako aliichagua mwenyewe." Nikaikwangua rangi kidogo kwa msasa, kweli, ule wekundu wa mninga upo vilevile na haina hata tundu la mchwa. Hiyo itarudi. Nimefurahi sana kuiona, sijui niseme vipi.

Sinki kwa sasa limekalia matofali. Ukuta nauacha wazi mpaka ukauke hasa ndipo nipige plasta, mtu asinikimbize. Kabati jipya nataka liwe na miguu, nyuma lisiwe na ubao ili hewa ipite na mtu akiinama tu auone ukuta, na kila ukingo uliokatwa upakwe rangi ya mafuta kabla ya kuunganishwa. Seremala anasema tuweke aluminiamu tumalize kazi. Mama hataki, anataka mninga wake, na mimi niko upande wa mama.