Mikono ya saidia fundi na upepo wa Dodoma

Jamani upepo wa huku Dodoma kuanzia mwezi wa 6 sio mchezo, halafu ukiwa saidia fundi unashika saruji kutwa ndo kabisa, mikono inapasuka mpaka damu, ukigusa chumvi unaruka. Losheni ya dukani mi ilikuwa inakauka hata sijafika saiti.

Sahivi natumia mafuta tunayotengeneza wenyewe nyumbani, nta ya nyuki ya Singida kijiko 1 mafuta ya alizeti vijiko 4, unaweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto (usiweke motoni moja kwa moja), nta ikiyeyuka unakoroga unamimina kwenye kopo kavu, yakipoa yanaganda mazito. Ile nta ndo siri yenyewe aisee, inakaa juu ya ngozi inazuia unyevu usitoke, kwa hiyo paka ukishanawa, mikono ikiwa bado na majimaji kidogo. Usiku napaka mengi navaa soksi mikononi nalala.

Mipasuko ya vidoleni imefunga jamani, nimefurahi sana. Ila ukiona kidonda kina usaha nenda hospitali, na kazini vaa glavu. Mama yangu anayelima kule Kongwa nae kashaagiza kopo lake.