Hamisi, Khamisi, Amis

Jumanne iliyopita mzee mmoja aliingia kwenye saiba yangu, duka la huduma za intaneti, hapa Kondele, Kisumu, anataka nimsaidie kupata pini ya KRA, namba ya mlipa kodi. Nikiwa najaza fomu yake, akasoma jina langu kwenye leseni ya biashara niliyobandika ukutani. "Mama, wewe ni wa Hamisi ile ya Tiriki, ama ni mtu wa Mombasa?"

Swali hili nimelizoea. Hamisi ni eneo bunge la kaunti ya Vihiga, si mbali na Kisumu, na huku kwetu mtu akisikia jina hilo mawazo yake yanapanda kilima moja kwa moja. Asipofikiria huko, anafikiria Pwani. Nikamwambia kwetu ni Mumias, na Hamisi alikuwa babu yangu mzaa baba. Akatikisa kichwa, kisha akaongeza kwa upole kabisa: "Sawa. Na jina lako la Kiafrika ni lipi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Jibu langu ni hili.

Khamis ni neno la Kiarabu, na shina lake ni tano. Waarabu huhesabu siku kuanzia Jumapili, wanayoiita ahad, yaani moja, kwa hiyo wakifika siku yetu ya Alhamisi wamefika ya tano. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo akaitwa Khamis. Shina hilo hilo ndilo limetupa hamsini, kwa hivyo konda wa matatu anapodai nauli ya hamsini anataja ndugu wa jina langu.

Kiswahili kilifanya jambo ambalo mimi hulipenda sana. Kilianza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano, ambayo ni ya tano kwa hesabu ya Kibantu. Halafu badala ya kusema Jumasita, kikachukua Alhamisi, ya tano ya Waarabu. Wiki yetu ina siku mbili za tano zilizofuatana, na hakuna anayejikwaa. Waluo hapa Kisumu huhesabu kuanzia Jumatatu, kwa hivyo siku hiyo hiyo kwao ni Tich Ang'wen, siku ya nne ya kazi. Siku ni moja, hesabu ni tatu.

Khamis ina maana nyingine ambayo wengi hawaijui. Ni jeshi. Ustadhi wangu wa madrasa, Mumias, alitupigia mchoro ubaoni kwa chaki: kikosi cha mbele, cha kulia, cha kushoto, cha nyuma, na katikati kile kinachoitwa kalbu, moyo. Vitano, ndiyo khamis. Akatusimulia habari za vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, jinsi wenyeji walivyotoka alfajiri na majembe na vikapu vyao kwenda shambani, wakaona waliokuja, wakapiga kelele: "Muhammad na khamis!" Nilikuwa na miaka tisa. Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani nikiwa jeshi zima.

Jina lilifikaje Mumias? Misafara ya biashara kutoka Pwani ilikuwa ikipita hapo kuelekea Uganda, ikitafuta pembe za ndovu, na Waswahili wengine walikaa. Nabongo Mumia, aliyewatawala Wawanga na kufariki mwaka 1949, alisilimu, na wengi wa ukoo wake pia. Wakaja walimu wa madrasa, na majina yakaja nao: Rashidi, Juma, Hamisi, Mwanaisha.

Kukhu wangu, yaani nyanya, mke wa Hamisi, ambaye bado yupo na anaona mbali kuliko mimi, anasema mama mkwe wake alimhadithia jinsi babu alivyozaliwa. Ilikuwa Alhamisi, mvua imenyesha usiku kucha na mto Nzoia umejaa. Hebu fikiria. Jirani Mbukusu angemwita mtoto huyo Wafula, kwa ajili ya mvua. Mluo angemwita Okoth, kwa sababu hiyo hiyo. Mama yake akatazama siku badala ya mawingu, akamwita Hamisi. Huku kwetu mtu huitwa kwa alichokikuta alipofika duniani: Otieno alikuta usiku, Ochieng' alikuta jua, Wekesa alikuta mavuno. Babu alikuta Alhamisi. Neno ni la Kiarabu, lakini mkono uliompa jina ulikuwa ukifanya kazi uliyoijua tangu zamani. Ndiyo maana mtu akiniuliza jina langu la Kiafrika, ninamwambia ameshalisoma ukutani.

Kuhusu matamshi nina neno zaidi. Waswahili wengi wamelainisha ile sauti ya kooni: khabari imekuwa habari, Khamis ikawa Hamisi. Unguja na Pemba bado wanaandika Khamis, na huko utamkuta mtu anaitwa hivyo mwanzo na mwisho, kama yule mwanasoka Khamis Mcha Khamis, maana jina la tatu ni la babu, na babu naye alikuwa Khamis. Uganda wana Hamis Kiiza, aliyechezea Yanga kisha Simba. Mashariki mwa Kongo wameangusha hata h, wanasema Amisi. Kwa Waarabu jina hili si la Waislamu peke yao: Juliano Mer-Khamis, mwigizaji aliyeanzisha ukumbi wa michezo Jenin, Palestina, na kuuawa mwaka 2011, baba yake alitoka familia ya Kikristo.

Sasa, kukhu hakusoma Kiarabu zaidi ya sura za kuswalia. Lakini Kiwanga kina kh yake chenyewe. Ipo katika neno kukhu, ipo katika Makokha. Kwa hivyo anapolitaja jina la marehemu mumewe, linatoka kooni safi, Khamisi, kama lilivyo kwa Waarabu. Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa akitusahihisha: si Khamisi, ni Hamisi. Alikuwa akitusahihisha tuache kusema sawasawa.

Karatasi ndizo zilizotutesa. Kipande cha babu, kitambulisho cha enzi za ukoloni, karatasi iliyokunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo, kimeandikwa Amis. Kitambulisho cha baba ni Hamisi. Cheti changu cha mtihani wa kidato cha nne kikatoka Khamis. Nilipoomba kazi yangu ya kwanza, waliniambia hao ni watu wawili tofauti. Nililipa wakili anitengenezee hati ya kiapo kwamba mimi ni mimi, na kazi nikaikosa kwa sababu hati ilichelewa. Leo mtu akija hapa kujaza fomu, namwambia alete karatasi zake zote kwanza tuzilinganishe, herufi kwa herufi. Wengine huona namchelewesha.

Mdogo wangu anaitwa Juma. Cheti chake kinasema alizaliwa Alhamisi, na ni kweli, saa mbili usiku. Baba alitaka Hamisi, awe wajina wa babu. Kukhu akakataa katakata: adhana ya maghribi ilikuwa imeshatoka, usiku umeshaingia, na usiku ule ni wa Ijumaa. Hivyo nyumbani kwetu tuna Juma Hamisi, Ijumaa mwana wa Alhamisi.

Mwezi jana Juma alipata binti. Alhamisi, saa kumi alasiri, jua bado juu, hakuna ubishi. Mwanahamisi. Nilikaa hapa na fomu ya kuzaliwa mbele yangu, nikasita kwenye herufi moja. Nikampigia Juma, akasema muulize kukhu. Nikampigia kukhu, nikamwomba alitamke jina taratibu. Akalitamka mara mbili, ya pili kwa sauti zaidi, akidhani simu inakatika.

Nikaandika Mwanakhamisi. Kadi ya kliniki tumeirekebisha ilingane, na Juma ameahidi kila karatasi itakayofuata itafuata hiyo.