Chaja ya sola yenye kihisi kimoja cha mkondo

Michoro mingi ya chaja za sola ninayoikuta ina vipimo vinne: volti za paneli, mkondo wa paneli, volti za betri na mkondo wa betri. Kila kipimo kina kihisi chake, na kila kihisi cha mkondo kina amplifaya yake ya kukuza ishara pamoja na rezista na kapasita zake, mpaka sehemu ya bodi inayopima umeme inakuwa kubwa kuliko ile inayoubadilisha. Chaja ninayoitengeneza hapa Lamu kwa ajili ya friza za wavuvi nimeipunguzia vipimo hadi vitatu, na kati ya hivyo ni kimoja tu kinachohusu mkondo. Watu wanaoiona bodi hudhani nimebana matumizi, ilhali pesa ndiyo sababu ndogo kuliko zote.

Sababu kubwa ni chumvi. Chaja inayofungwa Kizingitini au Faza, ukutani mwa banda linalotazama bahari, hupigwa na upepo wa kusi kwa miezi, na kila kiungo cha ziada kwenye bodi ni mahali pengine pa kuingia kutu. Kihisi kinapoharibika, mara nyingi hakizimi chaja. Kinaendelea kutoa namba, nayo programu huiamini. Betri hupikwa au huachwa na njaa huku taa ya kijani ikiwaka kama kawaida. Kipimo ambacho hakipo hakiwezi kudanganya, mradi tuwe na njia nyingine ya kujua kile kilichokuwa kikipimwa.

Njia hiyo ipo ndani ya kigeuzi chenyewe, yaani sehemu ya chaja inayobadilisha volti za paneli ziwe za betri. Tuchukue paneli mbili zilizofungwa sambamba, zenye jumla ya wati 800 na volti 41 kwenye nguvu yake ya juu, zikichaji betri ya volti 24 ambayo wakati huo imefikia volti 27. Kigeuzi cha kushusha volti kina swichi ya juu inayounga koili na paneli, swichi ya chini inayoiunga na waya hasi, na koili yenyewe inayoelekea betrini, na mimi nakiendesha mara 50,000 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni mikrosekunde 20. Kigeuzi kikitulia, mkondo wa koili mwanzoni mwa mzunguko huwa sawa na mkondo wake mwishoni, kwa hiyo volti zinazoupandisha zikizidishwa kwa muda wake lazima zilingane na volti zinazoushusha zikizidishwa kwa muda wake. Hapo ndipo tunapata kwamba volti za betri ni volti za paneli mara sehemu ya muda ambayo swichi ya juu imewashwa. Sehemu hiyo programu inaijua bila kupima chochote, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyoamuru. Ikiwa ni 0.66 na betri ina volti 27, paneli ina karibu volti 41. Vivyo hivyo, koili ikipitisha ampia 30, paneli inatoa wastani wa ampia 20. Upotevu kwenye swichi na koili huleta kosa: upinzani wa miliomu 10 ukipitiwa na ampia 30 hula volti 0.3, na hesabu ya volti za paneli hukosea kwa takriban asilimia moja. Kwa kazi hii asilimia moja si kitu.

Mtazamo huu wa kukichukulia kigeuzi kwa wastani wa mzunguko mzima si mpya hata kidogo. Middlebrook na Ćuk waliuweka katika hesabu iliyonyooka mwaka 1976, na wanafunzi wa umeme husoma hesabu hiyo hadi leo. Kinachonishangaza ni kwamba tunaisoma kwa ajili ya mtihani, halafu tukikaa mezani kubuni bodi tunaongeza kihisi cha kutuambia jambo ambalo hesabu imeshatuambia.

Hata hivyo, hesabu hii ina mpaka. Koili yangu ni ya mikrohenri 47, na katika hali niliyoieleza mkondo wake hupanda na kushuka kwa karibu ampia 3.9 ndani ya kila mzunguko. Wastani ukishuka chini ya ampia 2 hivi, kama alfajiri au wingu zito linapotanda, mkondo hufika sifuri kabla ya mzunguko kwisha. Nikiiacha swichi ya chini ikiendelea kuwaka wakati huo, mkondo utageuka na betri itaanza kuisukumia paneli umeme, kwa sababu kigeuzi cha kushusha kikitazamwa kinyumenyume ni kigeuzi cha kupandisha. Kwa hiyo programu huizima swichi ya chini, diodi iliyo ndani yake, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ikabaki kufanya kazi, na usawa ule rahisi wa volti na muda haufai tena. Isitoshe, usiku kigeuzi kimezimwa kabisa na hakuna hesabu ya kufanya. Lazima kitu fulani kiseme kwamba jua limechomoza. Ndiyo maana volti za paneli nimezibakishia rezista zake mbili. Hazihitaji usahihi mkubwa na hazihitaji amplifaya. Kuzitoa kungekuwa ubahili usio na maana.

Kihisi kinachostahili kuondolewa bila majuto ni kile cha mkondo wa paneli. Wengi hudhani kwamba ili kuitafuta nguvu ya juu ya paneli ni lazima upime volti na mkondo wake, uzizidishe, kisha ulinganishe. Lakini nguvu yote inayotoka kwenye paneli, ukitoa upotevu, inaishia kwenye betri, na volti za betri hazibadiliki kwa maana yoyote ndani ya sekunde moja. Basi mkondo unaoingia betrini ukiongezeka, nguvu imeongezeka. Programu hubadilisha kidogo muda wa swichi, hutazama kama mkondo umepanda au umeshuka, kisha huendelea upande ule ule au hurudi nyuma. Na kwa kuwa inalinganisha tu, haijali kama namba yenyewe imekosea kwa ampia mbili, ili mradi kosa ni lile lile pande zote mbili: mizani ya sokoni isiyoanzia sifuri bado itakuonyesha samaki yupi ni mzito kuliko mwenzake.

Sasa, kihisi hicho kimoja kiwekwe wapi? Hili ndilo lililonikalisha mezani kuliko mengine yote.

Mahali rahisi ni kwenye waya hasi wa betri: shanti, yaani rezista ndogo sana ya kupimia mkondo, ya miliomu moja, ampia 30 zinatoa milivolti 30, joto lake halifiki wati moja, na amplifaya ya kawaida inatosha. Kwenye karatasi ni safi. Lakini nenda ukaangalie sola zinavyofungwa mitaani. Fundi anachukua waya zote nyeusi, ya paneli, ya betri na ya mzigo, anazikaza pamoja kwenye bolti moja, na kazi imekwisha. Waya hasi wa paneli ukikutana na waya hasi wa betri nje ya chaja, mkondo hupata njia ya kuizunguka shanti, na chaja inasoma sehemu tu ya ukweli. Unaweza kuandika onyo kwenye kifuniko kwa herufi kubwa. Mzee mmoja mwenye friza la barafu nilimweleza jambo hili kwa kirefu, akanijibu, “Fundi, mwanangu, mimi nataka barafu, hizo nyaya ni zako.” Alikuwa na haki. Kifaa kinachotegemea mtu asome onyo kimebuniwa nusu.

Upande chanya nao una mitego. Vipo vipande vya kupima mkondo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, ila INA219 inayopatikana kirahisi ina kikomo cha volti 26 kwenye pini zake za kupimia, na betri ya volti 24 ikichajiwa hufika volti 28.8. INA226 hufika volti 36 na ingefaa, ingawa hupima polepole mno kuweza kulinda swichi. Vihisi vya sumaku, vinavyotumia jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879, havijali volti hizo. ACS712 ya ampia 30 hutoa milivolti 66 kwa kila ampia, na sifuri yake iko katikati, kwenye volti 2.5. Lakini sifuri hiyo huhama joto linapobadilika, na koili kubwa ikiwa karibu huipotosha kwa sumaku yake.

Nimeishia kuiweka shanti ndani ya bodi, chini ya swichi ya chini, mahali ambapo hakuna bolti ya fundi itakayoifikia. Mkondo wa koili, ambao wastani wake ndio unaoingia betrini, hupita hapo swichi ya juu inapokuwa imezimwa, yaani kwa mikrosekunde 6.8 kati ya 20 katika mfano wetu. Uzuri wake ni kwamba mkondo wa koili hushuka kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ukiusoma katikati kabisa ya muda huo, mikrosekunde 3.4 baada ya swichi kugeuka, unapata wastani wake halisi bila chujio lolote. Mikrokontrola za siku hizi, yaani chipu zinazoendesha programu, huweza kuamriwa zisome wakati huo huo kila mzunguko, kwa saa ile ile inayoendesha swichi, na wakati huo kelele za kugeuka kwa swichi zimeshatulia. Mchana paneli ikipata joto na volti zake kushuka hadi 35 hivi, muda ule hubaki mikrosekunde 4.6, bado unatosha. Gharama yake ni kwamba amplifaya lazima iwe na kasi. Amplifaya ya LM358 ambayo kila fundi anayo kwenye droo haifai hapa, na isitoshe kosa lake la sifuri laweza kufika milivolti 7, ambazo kwenye shanti yangu ni ampia 7 nzima.

Kosa la sifuri lenyewe lina dawa ya bure. Kila usiku kuna saa nyingi ambazo hakuna mkondo unaopita kwenye swichi ya chini, na tunajua kwa hakika kwamba haupiti, kwa sababu swichi zote zimezimwa. Programu husoma namba inayotoka wakati huo, huihifadhi, na siku inayofuata huitoa kwenye kila kipimo. Kwa kutafuta nguvu ya juu hatukulihitaji hilo, bali kwa kuhesabu kiasi kilichoingia betrini tunalihitaji sana: kosa la ampia 0.2 tu, likihesabiwa kwa saa 24, ni ampia-saa 4.8 za uongo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuitoa hata shanti, wakipima volti zinazobaki juu ya swichi yenyewe ikiwa imewaka. Upinzani wa mosfeti, ambayo ndiyo swichi yenyewe, ikiwa ya moto waweza kuwa mara moja na nusu au zaidi ya ule wa baridi, kwa hiyo namba hiyo inafaa kuonya kwamba mkondo umezidi sana, si kusema ni kiasi gani. Kwa tofauti ya bei ya shanti moja, mimi sioni haja.

Ulinzi nimeufikiria kwa namna hiyo hiyo. Koili ya mikrohenri 47 yenye volti 14 juu yake hupandisha mkondo kwa ampia 0.3 tu kila mikrosekunde, kwa hiyo kuutazama mara moja kwa mzunguko kunatosha, ilimradi kiini cha koili kisishibe sumaku. Swichi zote mbili zikiwaka pamoja kwa hitilafu, mkondo hupita kwenye shanti ile ile kwa upande wa kinyume, na hapo komparata, sakiti ya kulinganisha volti, huzima kila kitu bila kungoja programu. Kosa ambalo shanti hiyo haiwezi kulizuia ni swichi ya juu kuungua na kubaki imeunga. Hilo linahitaji kinga ya peke yake, nje ya hesabu.

Kipimo ambacho sikukibana hata kidogo ni volti za betri. Hapo asilimia moja ni karibu volti 0.3, tofauti kati ya betri iliyojaa na betri inayochemka. Rezista ni kilomu 47 na kilomu 3.9, na mikrokontrola inalinganisha na rejea ya volti 2.5, si na umeme wa kuiendesha. Thamani zile za chini ni za makusudi. Utando wa chumvi na unyevu juu ya bodi ukiwa na upinzani wa megaomu 10, ukakaa sambamba na rezista ya megaomu moja, umeikosesha kwa asilimia 9. Ukikaa sambamba na kilomu 47, kosa halifiki nusu ya asilimia. Kisha vanishi inapakwa juu yake. Waya wa kupimia ni mwembamba na unakwenda peke yake hadi kwenye vichwa vya betri, kwa maana nyaya nene za milimita 10 za mraba, mita 4 kwenda na 4 kurudi, hupoteza volti 0.4 kwenye ampia 30, na chaja inayopima kwenye terminali zake ingeacha betri bila kujaa kila siku. Kabla ya kufunga kifuniko, naipima betri kwa mita niliyoiamini, naingiza namba hiyo kwenye programu, na tofauti za rezista zinafutika kwa mara moja.

Inverta za pampu za mashambani kule Mpeketoni zinaruhusu upunguzaji wa namna hii pia, kwa kuwa mikondo ya waya tatu za mota jumla yake ni sifuri na mbili zikijulikana ya tatu imejulikana. Shanti moja kwenye waya wa umeme wa moja kwa moja (DC) unaoingia kwenye inverta yaweza kutoa zote tatu, ukijua ni swichi zipi zimewaka wakati wa kusoma, isipokuwa pale ambapo muda wa swichi fulani ni mfupi mno kusomeka. Hapo nimeanza kuandika programu, na bodi ya majaribio bado iko mezani bila shanti yake.