Baba Hakuweza Kupasuliwa Tezi Dume

Baba ana miaka 83. Moyo wake umetanuka, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kutoka kitandani hadi barazani hupumzika mara mbili. Usiku mkojo ulipoziba, tulimkimbiza hospitali hapa Tanga, akawekwa mpira wa kutolea mkojo na ikatoka zaidi ya lita moja. Vipimo vikaonyesha tezi ya gramu 110, wakati ya kijana huwa kama 20. Saratani haikuonekana.

Akaanzishiwa tamsulosin, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo. Mpira ukatolewa mara mbili, na mara zote mbili mkojo ukaziba. Daktari bingwa akasema kuikwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo ni hatari kwake: nusu kaputi moyo hauiwezi, na sindano ya mgongo inataka dawa za damu zisimamishwe. Abaki na mpira, ubadilishwe kila mwezi.

Nikajifunza kuuhudumia. Nanawa kwanza, naosha pale unapoingilia kwa maji na sabuni, naufunga pajani usivutike. Mfuko ukae chini ya kibofu, ila usiguse sakafu. Hata hivyo alipata maambukizi mara mbili, na homa ya pili ilimfanya aweweseke hadi asubuhi.

Kilichomtesa zaidi ni swala. Siku moja alikunja kanzu akanionyesha ule mfuko. "Mwanangu, nitasimamaje mbele ya Mola na hii?" Sheikh wa mtaani akaja nyumbani, akamwambia ana udhuru: atawadhe kila wakati wa swala ukiingia, aswali. Akaswali, lakini chumbani. Msikitini aliona haya.

Nikarudi kwa daktari kumuuliza kama hakuna njia isiyo ya kisu wala usingizi. Ndipo akatuandikia rufaa Dar es Salaam. Laiti ningeuliza mapema! Huko hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa kinenani au mkononi, wakiutazama kwa eksirei, wakamwaga chembe ndogo zinazoziba mishipa inayolisha tezi. Ikikosa damu, husinyaa taratibu. Ganzi ni ya pale wanapochoma tu. Hawakutuficha: dawa ya kung'arisha picha inaweza kuumiza figo, kwa hiyo zilipimwa kwanza, na mishipa ya mzee ikiwa imekakamaa wanaweza kushindwa kupita. Familia tukachangishana.

Ilichukua kama saa tatu. Baba alikuwa macho, midomo ikisoma nyiradi. Siku chache zilizofuata alikuwa na maumivu ya nyonga na homa kidogo, kama tulivyoambiwa.

Wiki ya pili mpira ulipotolewa, mkojo ukagoma. Nililia kwenye korido. Ukarudishwa, tukangoja. Wiki ya sita ukatolewa tena, tukamnywesha maji, tukakaa. Baada ya muda akaenda msalani na mkongojo wake, mimi nimesimama mlangoni. Nikasikia maji yanadondoka kidogo kidogo, kisha mfululizo.

Ijumaa ile akaniomba nimpigie pasi kanzu nyeupe.