Namba chini ya kigoda

Juzi usiku kitindamimba wangu alikaa sakafuni akijitoa rangi ya kucha, chupa ya asetoni iko wazi, vipande vya pamba vimetapakaa. Harufu ikanikuta mlangoni nikasimama. Akaniuliza, "Mama, mbona umeganda hapo?" Nikamwambia hamna kitu. Lakini kilikuwapo kitu, na kilikuwa kigoda.

Mlionifahamu enzi nikitunza vitu kwenye stoo ya chini ya makumbusho ya chuo mnajua ni kigoda kipi. Miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja, hakina kiungo wala msumari, uzito kilo mbili na nusu hivi. Kwenye daftari la mapokezi kiliandikiwa maneno matatu tu: "Kigoda, mbao, zawadi." Fundi hakutajwa, mahali hakutajwa, aliyekikalia hakutajwa. Vitu vingi vya makumbusho ya vyuo vikuu viliingia hivyo. Profesa anastaafu, masanduku yanaletwa ofisini kwa mkupuo, karani anaandika harakaharaka ili apate nafasi ya kupita. Maneno yanayokosekana siku hiyo hayarudi kirahisi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Aberdeen kiliweza kurudisha Nigeria kichwa cha shaba cha Oba (mfalme) wa Benin kwa sababu njia yake ilifuatika: kilinunuliwa mnadani mwaka 1957, na nyuma ya mnada ule kulikuwa na uporaji wa wanajeshi wa Kiingereza mjini Benin mwaka 1897. Kigoda chenye maneno matatu, hata ukitaka kwa moyo wako wote kukirudisha, utampelekea nani?

Mimi ndiye niliyekiandika namba. Kazi yenyewe ni ndogo na inataka utulivu. Unasafisha kwa brashi laini, kavu, eneo lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Unapaka tabaka la Paraloid B-72, aina ya plastiki angavu inayokauka kama vanishi, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kama gramu 20 kwa mililita 100. Unaliacha likauke kabisa. Nusu saa si nyingi. Ndipo unaandika juu yake kwa wino wa pigmenti: mwaka wa kupokelewa, namba ya fungu, namba ya kitu. Wino ukikauka unaufunika kwa tabaka la pili, brashi ipite mara moja tu. Ukiirudisha, asetoni mbichi inayeyusha tabaka la chini na wino unatambaa. Siku yenye unyevu mwingi tabaka hugeuka jeupe kama ukungu, maana asetoni inavyoruka inaupoza uso wa kitu, na maji yaliyo hewani yanatua papo hapo. Siku kama hiyo acha, fanya kesho. Na usithubutu njia hii juu ya plastiki au vanishi, asetoni itaila. Uzuri wake ni kwamba namba inaondoka: pamba kidogo, asetoni kidogo, imekwisha.

Mahali pa kuandika nako kuna kanuni. Namba isionekane kitu kikiwa kabatini, ila ipatikane bila kukipindua sana. Isikae juu ya rangi wala nakshi. Isikae panaposuguana na rafu, wala panaposhikwa mkono. Mimi nilichagua upande wa ndani wa mguu mmoja, juu kabisa, mguu unapoungana na kiti. Palikuwa palaini kuliko kwingine kote kwenye kigoda, na wino unapenda ulaini.

Miaka minne ikapita. Ikaja barua pepe ya mwanafunzi wa tiba ya viungo, mwaka wa tatu, asiyeona, yenye maswali mawili: naruhusiwa kuja, na naruhusiwa kugusa? Swali la kwanza lilijibiwa siku ile ile. La pili lilichukua vikao viwili ambavyo sitawachosha navyo. Niseme tu kwamba kugusa si jambo geni kwenye makumbusho yetu. Makumbusho ya Ashmolean ya Chuo Kikuu cha Oxford ilifunguliwa mwaka 1683, na Mjerumani mmoja aliyeitembelea mwaka 1710, Zacharias Conrad von Uffenbach, aliandika akilalamika jinsi wageni walivyokuwa wakishikashika kila kitu. Vioo na kamba vilikuja kutawala baadaye.

Hofu kubwa haikuwa vidole vyake kuharibu vitu. Ilikuwa vitu kumdhuru yeye. Zamani wahifadhi walipambana na wadudu kwa aseniki, chumvi za zebaki, baadaye DDT, na sumu hizo bado zimo, hasa kwenye ngozi, manyoya na nywele. Idara ya jiolojia ilitukopesha kile kifaa chao cha eksirei cha kushika mkononi wanachopimia miamba. Kinasoma aseniki, zebaki na risasi kwa sekunde chache bila kukwangua chochote. DDT hakiioni, kwa hiyo hapo unategemea kumbukumbu za matibabu, na pasipo na kumbukumbu jibu ni hapana. Tulianza na vitu kumi tukabaki na sita. Kigoda kilipita: kilikuwa kimegandishwa tu, ndani ya mfuko wa polithini uliotolewa hewa, wiki mbili kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, kisha kikaachwa mfukoni siku nzima kabla ya kufunguliwa ili jasho la baridi litue juu ya mfuko, si juu ya mti.

Tukabishana pia kuhusu glavu. Za pamba zinateleza na nyuzi zake zinanasa kwenye vibanzi. Za nitrili ni nzuri kwa chuma, maana jasho la mkono huacha alama ya kutu, lakini kwa mtu anayesoma kwa ncha za vidole ni sawa na kumfunga kitambaa usoni. Tukakubaliana: mikono mitupu, imeoshwa na kukaushwa vizuri, bila pete, bila saa, bila losheni. Na aioshe tena akimaliza.

Alifika saa nne asubuhi. "Habari za kazi, dada." Nikamkalisha kwenye kiti kifupi ili viwiko vyake viwe chini ya usawa wa meza. Meza ilikuwa na sponji ya polithini, unene wa sentimita mbili na nusu. Nikamweleza kwa maneno kabla hajagusa: kiko mbele yako, kinakuja hadi kifuani, miguu mitatu, uzito wake ni huu. Mkono wa mtu asiyeona haukamatwi na kuwekwa juu ya kitu. Unamweleza, mkono unajipeleka wenyewe.

Vitano vya kwanza navipita. Kwenye kigoda alianza ukingoni, akauzunguka wote kwa vidole vya kati, polepole, mpaka aliporudi alipoanzia. Akarudia. Akasema, "Upande huu umelika." Akaweka viganja vyote viwili juu ya kiti akavituliza hapo, hakuvisogeza, kama anayesikiliza. Kisha akashuka chini ya kiti, ambako mimi niliwahi kuona ukwaruzo tu. "Tezo," alisema. "Imepita hivi, hivi, hivi." Kidole chake kilikuwa kinaruka kutoka dimbwi moja la tezo hadi jingine kwa vipimo vilivyolingana, nami kwa mara ya kwanza nikasikia kasi ya yule fundi. Hakukosea pigo hata moja mpaka karibu na mguu, ambapo mapigo yalikuwa mafupi na ya wasiwasi, kwa sababu pale nyuzi za mti zinageuka.

Alipofika kwenye mguu akasimama. Akaingiza vidole vinne upande wa ndani, dole gumba likabaki juu ya ukingo wa kiti. Vikaingia kama vimerudi nyumbani. Akakaa hivyo muda mrefu kidogo.

"Hiki kilikuwa kinabebwa," akasema. "Mkono wa kulia, kinaning'inia ubavuni. Na mtu mwenyewe hakuwa na mkono mkubwa, maana vidole vyangu vinapitiliza ulaini."

Nikazima taa, nikachukua tochi nikaimulika kwa mshazari, karibu kugusa mbao. Mng'ao ukajitokeza: mabonde manne mepesi, kina chake chini ya milimita, yamesuguliwa na miaka ya kunyanyuliwa na kutuliwa. Nilikuwa nimekitazama kigoda kile miaka minne.

"Halafu hapa," akasema, ncha ya kidole cha shahada ikizunguka mahali padogo. "Hapa mmepaka nini? Kama kucha."

Ilikuwa namba yangu. Imekaa juu ya bonde la pili, pale pale.

Wazo la kwanza lilikuwa kuiondoa jioni ile ile. Nikafungua chupa, nikasokota pamba kwenye kijiti, harufu ikajaa chumba. Ndipo nikaona ninachotaka kufanya. Mng'ao ule si mbao peke yake. Ni mafuta ya mkono na jasho lililoingia kwenye vinyweleo vya mti, na asetoni inayoyeyusha Paraloid inayeyusha na mafuta. Ningeondoa alama yangu na sehemu ya alama ya aliyekibeba kwa pamba moja. Ile sifa ya kwamba njia yetu haiachi kitu nyuma ni kweli juu ya jiwe na chungu kilichochomwa vizuri. Juu ya mti ulioshikwa maisha mazima si kweli, na nilikuwa nimeifundisha kama kweli kwa darasa baada ya darasa. Nikafunga chupa.

Kwenye kadi ya kigoda niliongeza aliyoyasema mwanafunzi yule, nikaweka tarehe na jina lake kwa idhini yake, kwa kalamu ya risasi kama kawaida. Leo maelezo yale ndiyo marefu kuliko yote kwenye kabati lile. Mwaka uliofuata idara yao ikaomba kipindi kwa darasa zima, tukakubali mikono 20 kwa muhula, picha ya tochi ya mshazari kabla na baada. Naamini bado tulifanya vyema. Makumbusho ya chuo ina wanajiolojia, wauguzi, maseremala wa karakana, watu mia wenye mikono inayojua mambo mia, na kitu kikifungiwa wasikishike, kadi itabaki na maneno matatu milele. Lakini picha ninazo, nimezipanga kwa muhula, na kufikia ya tisa sikuweza tena kusema kwa uhakika ni mng'ao upi ulikuja na kigoda na upi tumeuleta sisi.

Namba ingalipo. Aliyeshika nafasi yangu aliniandikia mwezi uliopita: amepata jeli ambayo huishika asetoni isisambae, ameijaribu kwenye kipande cha mti mkavu, imeondoa Paraloid vizuri. Anauliza aendelee? Nimemwomba kwanza aijaribu kwenye mpini wa jembe la zamani, ule ulioshikwa kweli, na aniletee picha. Bado hajaleta.