Siku moja maishani mwangu: tarehe 30 Juni, na mzee niliyemuua kwa bahati mbaya

Saa 11 na robo alfajiri

Simu inaita nikadhani alamu, kumbe bosi. Bosi akikupigia alfajiri ya tarehe 30 Juni usipokee ukiwa umelala, kaa kitako kwanza ukohoe kidogo. Kauliza swali moja tu, "kijarida kinatoka leo au hakitoki?" Nikamjibu kinatoka. Kwa wakati huo kilikuwa na ukurasa mmoja na nusu.

Kwa wasionijua, mi nafanya kazi mamlaka ya mapato huku Tanga, upande wa elimu kwa mlipakodi na mawasiliano. Maana yake nikiamka naweza kuwa redioni, mchana niko kaunta, jioni nashika kamera kwenye mechi ya netiboli, na katikati ya yote hayo kuna kijarida cha ndani cha wafanyakazi, kurasa nane, kila mwisho wa mwezi lazima kitoke. Nani kahamishwa, nani kapanda cheo, nani kaoa, nani kajifungua, nani kafiwa, nani kaenda kusoma Chuo cha Kodi. Ukurasa wa kwanza ni makusanyo ya mwezi, huo unasomwa na bosi peke yake. Wengine wote wanaanza na ukurasa wa uhamisho, halafu tanzia, halafu wanafunga.

Saa 12 na nusu

Mahamri mawili na mbaazi za nazi pale kwa mama wa kona, chai nimeiacha nusu kikombe, nikadaka bajaji. Dereva kaniona na kitambulisho shingoni akaanza hapohapo, "dada nyie ndo mnanikata 1,500 yangu kila mwezi kwenye luku na nyumba si yangu?" Nikamwambia kaka na mi nimepanga, na mi nakatwa hivyohivyo, ile kodi ni ya jengo na anayetakiwa kuibeba ni mwenye nyumba, ila kwa vile inakatwa kwenye umeme basi anayenunua umeme ndo anaanza kuitoa, kwa hiyo weka kumbukumbu umwambie mwenye nyumba akupunguzie kwenye kodi ya pango. Akacheka sana. "Nimwambie mwenye nyumba WANGU?" Sikuwa na jibu, maana na mi wangu sijawahi kumwambia.

Watu wanafikiri ukifanya kazi kodi basi wewe kodi haikugusi. PAYE, kodi ya mshahara, inakatwa kabla hata sijauona mshahara wenyewe, tena kuanzia pale unapovuka 270,000 kwa mwezi, na mi nimevuka kitambo.

Saa 1 na nusu asubuhi

Redioni, dakika ishirini. Leo nilikuja kusema jambo moja, kwamba ni siku ya mwisho ya awamu ya pili ya kodi ya makadirio, ile unayokadiriwa kwa mwaka ukalipa kidogokidogo, na kwa wale wanaofunga mahesabu yao Desemba ni siku ya mwisho ya ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato yako. Awamu ziko nne, 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, tarehe ni zilezile kila mwaka lakini kila mara zinawakuta watu kama mvua ya ghafla.

Simu tatu zilipigwa. Wa kwanza analalamika mtu wa stendi kamtoza 20,000 kumtengenezea TIN, namba ya mlipakodi. Nimesema hewani na narudia hapa: TIN ni bure, bure kabisa, uwe na namba yako ya NIDA tu. Wa pili alitaka kumsalimia shemeji yake. Wa tatu kauliza kama siku ya mwisho inaisha saa tisa na nusu ofisi zikifungwa au saa sita usiku, nikajua huyu ni mtani wangu wa kila mwaka.

Saa 3

Foleni imefika getini. Tunagawa namba, tunagawa maji, dada wa kaunta ya pili ana mafua ila kaja. Siku kama hii mgawanyo wa kazi unakufa, mtu wa ukaguzi utamkuta anaelekeza watu choo kiko wapi, mi mwandishi wa kijarida natoa kontrol namba za kulipia.

Alikuja mama mmoja anauza vitu vidogovidogo karibu na soko la Mgandini, kashika simu mkononi na elfu ishirini na tano kaifunga kwenye pindo la khanga. Anataka kulipa awamu yake lakini kwanza ana kesi. Jirani yake wa meza ya pili, mzigo sawa, wateja walewale, analipa 11,250. Yeye 25,000. "Huyo mna undugu naye?"

Nikamuuliza mama, jirani yako ana daftari? Akasema ee, analo, kila jioni anaandika, sisi tunamcheka.

Basi ndo hapo. Nilivuta karatasi nikamchorea. Mauzo yake kwa mwaka ni kama milioni tano na nusu. Ukiwa kati ya milioni 4 na milioni 7 na huna kumbukumbu, unalipa laki moja kwa mwaka, ukigawa kwa nne ndo hiyo 25,000. Ukiwa na kumbukumbu unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kilichozidi kwake ni milioni moja na nusu, asilimia 3 yake ni 45,000, gawa kwa nne, 11,250. Yule mama kaitazama ile karatasi muda mrefu. Halafu akasema, "yaani mi nalipa 55,000 ya uvivu wa kuandika." Sikumwambia neno lolote la elimu kwa mlipakodi lililozidi hilo. Akaniomba kalamu. Sio kuazima, kaomba akaondoka nayo.

Saa 5

Sasa habari ya mzee.

Tuna mzee wa masijala anastaafu. Kwenye faili lake kazaliwa tarehe 1 Julai, kama nusu ya wazee wa nchi hii ambao walipoulizwa tarehe ya kuzaliwa wakajibu "mwaka ule wa njaa" na karani akaamua mwenyewe. Kwa hiyo kesho anatimiza sitini, leo ndo siku yake ya mwisho. Na mamlaka yenyewe ilianza kazi 1 Julai 1996, ina maana mzee na ofisi wana bethidei moja. Yeye alikuwepo kabla yake, enzi kodi ya mapato iko kivyake na forodha kivyake, zote chini ya Hazina, hajawa hata karani, ni kijana wa kubeba mafaili.

Bosi anataka ukurasa mzima juu yake, na picha. Tatizo ni kwamba mzee haongei na mimi.

Kijarida cha Mei nilikiandaa usiku, nikaweka picha yake kwenye kona ya "Wanaotarajia kustaafu", ukurasa wa saba. Ukurasa wa sita ulikuwa na tanzia ya mama mzazi wa mwenzetu mmoja. Nilipobadilisha faili kuwa PDF vitu vikasogea, nami kwa usingizi sikufungua kuangalia. Saa mbili asubuhi ikawa imefika kwenye grupu la watsapu, picha ya mzee anatabasamu na chini yake TANZIA kwa herufi kubwa. Kabla sijaamka watu walishaanza kuchanga. Kuna mstaafu mmoja wa Korogwe alipanda basi kabisa. Mkewe mzee alipigiwa pole akapiga ukunga, na mzee mwenyewe muda huo yuko uani anamwagia mchicha maji.

Niliomba radhi ofisini, nikaenda nyumbani kwake na kilo mbili za sukari, mkewe kanisamehe na kunipikia. Mzee aliipokea shikamoo yangu kwa "marahaba" kavu, na ndo hiyohiyo mpaka leo.

Basi nimeshuka masijala, nikabisha. "Shikamoo baba." "Marahaba." "Baba nimekuja kuomba picha moja, na maneno mawili matatu." Hakuinua kichwa. "Picha yangu unayo bibie. Ulishanizika."

Saa 7 na nusu

Chakula sikula. Barua za uhamisho zimefika, na ofisi nzima ikawa inapita mezani kwangu kana kwamba mimi ndo nimezisaini. Dada wa forodha anaenda Horohoro, huyo anafurahi, ni mkoa huuhuu, wikiendi atarudi kwa watoto. Kijana wetu wa madeni anaenda Mtukula. Ukitoka bahari ya Tanga mpaka mpaka wa Uganda ni kuivuka nchi, ukishuka kwenye basi miguu imevimba. Kaoa Aprili, harusi nilipiga picha mimi, ilitoka ukurasa wa nne. Kaja akakaa kwenye kiti akaniuliza, "dada, usiponiandika kwenye kijarida, uhamisho unasimama?"

Saa 9

Fundi mmoja mwenye duka la vipuri kaja na kiroba cha risiti za mashine, za mwaka mzima, kanimwagia mezani. Nusu ni nyeupe. Zilikuwa zinakaa kwenye dashibodi ya gari lake juani, na karatasi ile maandishi yake yanafifia juani, jua la Tanga likafanya kazi yake. Nikawa nainua moja moja kwenye mwanga wa dirisha kutafuta namba, hii inasoma "18" pekee, nadhani ni VAT, hii ina nusu ya kile kimraba cha kuskani. Ameshikilia kuwa zote ni halali, na mi namuamini, lakini karatasi nyeupe ni karatasi nyeupe. Tumeokoa kama theluthi, waliomuuzia ataenda kuwaomba nakala. Jamani, risiti ya EFD, hiyo ya mashine, ukiipata ipige picha na simu siku hiyohiyo, mengine baadaye.

Saa 11 jioni

Foleni imekatika. Sakafu imejaa vipande vya namba na chupa.

Nikarudi masijala bila kamera. Nimebeba ukurasa wenyewe nilioandika bila maneno yake, nimeuprinti, nikauweka mezani na kumwambia baba usome tu, kama hutaki uuchane. Kavaa miwani. Kasoma mstari kwa mstari na kidole, mle ndani kukawa kimya hadi feni naisikia.

"Hapa umeandika faili zilipangwa kwa namba. Uongo. Mwanzo zilipangwa kwa majina." Akaanza. Kwamba Ngamiani kulikuwa na wafanyabiashara watatu wa jina moja na baba zao jina moja, mwenye baiskeli, mwenye kiwanda cha unga na mwenye mdomo, ndivyo alivyowaandika kwa penseli nyuma ya jalada ili asichanganye, na siku mwenye mdomo alipokuja kuomba faili lake akaligeuza na kuyaona yale maandishi. Kwamba kompyuta zilipokuja walimwambia masijala itakufa, ikabidi hao hao waliosema warudi kumuuliza karatasi ya mwaka fulani iko wapi. Kwamba hakuna faili linalopotea lenyewe. Nimeandika mpaka mkono umeuma, saa nzima, na kwa miaka minne ya kufanya naye kazi sikuwahi kumsikia akitoa sentensi tatu mfululizo.

Mwishoni akavuta muhuri wa masijala, ule wa tarehe wa kuzungusha kwa kidole, kagonga kwenye ukurasa wangu, IMEPOKELEWA, 30 JUN. Kisha akafanya kitu ambacho kijana anayempokea kaniambia anakifanya kila jioni kabla ya kuondoka, anauzungusha muhuri kwenye tarehe ya kesho ili asubuhi mtu asikosee. Kidole gumba kikasukuma ile raba taratibu, 30 ikapanda, 1 ikaja, JUN ikawa JUL. Akauweka kwenye droo na kumpa kijana ufunguo.

Nikamuuliza, sasa picha baba?

"Piga ya muhuri."

Saa 4 na nusu usiku

Niko ofisini bado, bosi naye yuko kwake juu na taa inawaka, mwaka wa fedha unafungwa usiku huu. Makusanyo siyaandiki hapa, msiniulize kwenye inbox.

Kijarida nimekipanga. Ukurasa wa uhamisho, wa wazazi wapya wawili, mmoja kapata mapacha, wa mazoezi ya SHIMUTA, michezo ya mashirika ya umma, na wa mzee, wenye picha ya muhuri kwenye kiganja chake. Tanzia mwezi huu hakuna, alhamdulillahi, lakini hata hivyo nimeipeleka hiyo safu ukurasa wa nane peke yake, mbali na kila binadamu. Nimebadilisha kuwa PDF. Nimefungua. Nimefunga nikafungua tena. Nikamwita mlinzi naye aangalie, kasema picha iko vizuri ila mapacha ni wadogo sana hawaonekani.

Saa 5 na dakika kumi nimekituma kwenye grupu.

Saa 5 na dakika kumi na mbili jibu la kwanza limeingia, kutoka kwa kijana wa Mtukula: "Dada, uhamisho ni ukurasa wa ngapi?"